Bei ya RAM yavuruga hesabu za kompyuta ya gemu Afrika Mashariki

Desemba 3, 2025, kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, jina ambalo kwa miaka 29 lilikuwa likiuza RAM na SSD kwa mteja wa kawaida anayeingia dukani na fedha zake mfukoni. Mzigo wa mwisho ulipangwa kutoka kiwandani hadi mwishoni mwa Februari 2026. Kampuni haikuficha sababu: wanaojenga vituo vya data vya akili mnemba wanazitaka chipu hizo kwa wingi, na Micron imeamua kuwahudumia hao kwanza.

Dunia inategemea kampuni tatu kwa sehemu kubwa ya RAM yake: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron. Miezi miwili kabla ya tangazo hilo, Oktoba 2025, kampuni ya OpenAI ilikuwa imetia saini makubaliano ya awali na hizo mbili za Korea, yakilenga hadi sahani 900,000 za silikoni kwa mwezi kwa ajili ya mradi wake wa Stargate. Sahani inayokatwa chipu za akili mnemba haiwezi kukatwa tena RAM ya kompyuta ya nyumbani. Katika maduka ya Marekani, jozi ya RAM ya DDR5 yenye GB 32, iliyokuwa ikiuzwa takriban dola 100 katikati ya 2025, ilivuka dola 300 kabla ya mwaka kwisha.

Kwa mwenye kununua kompyuta ya ofisi, hilo ni ongezeko la bei tu. Kwa kijana wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Kigali anayekusanya kompyuta ya gemu kipande kwa kipande kwa bajeti ya dola 500 au 600, ni jambo kubwa zaidi. Mpangilio wote wa kuchagua vifaa umegeuka, na ramani ya wapi anunue imegeuka pia.

Wapo watakaouliza kwa nini gazeti lihangaike na mashine ya kuchezea. Jibu liko kwa wanaozinunua. Kadi ya grafiki inayoendesha gemu ndiyo hiyo hiyo inayohariri video ya harusi, kuchora nyumba kwa vipimo vitatu na kutengeneza matangazo ya wafanyabiashara. Kompyuta nyingi za namna hii huzaa kipato mchana na burudani usiku, na mara nyingi ndicho kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote anavyomiliki mwenye nayo. Akikosea kuchagua, hana fedha nyingine ya kurekebisha.

RAM yatangulia mbele

Kwa miaka mingi ushauri wa mafundi ulikuwa mmoja: tenga theluthi moja au zaidi ya bajeti kwa kadi ya grafiki, kisha nyingine zifuate. RAM ilikuwa jambo la mwisho, kitu cha kuongezea chenji inayobaki. Sasa RAM ndiyo inayoamua mazabodi, mazabodi inaamua prosesa, na kadi inapata kilichosalia.

Chanzo ni kwamba RAM haziingiliani. Kijiti cha DDR4 hakiingii kwenye nafasi ya DDR5, hata kikilazimishwa. Prosesa za AMD za kizazi cha AM5, zilizoingia sokoni Septemba 2022, zinakubali DDR5 peke yake. Za kizazi kilichotangulia, AM4, zinatumia DDR4. Intel nayo, kwa prosesa zake za kizazi cha 12 hadi cha 14, inakubali zote mbili, lakini mazabodi huwa ya aina moja au nyingine, hivyo mnunuzi anapaswa kusoma jina lake lote hadi herufi ya mwisho.

Ushauri wa 2024 ungekuwa kununua AM5, kwa sababu AMD imeahidi kuendelea kuitolea prosesa mpya angalau hadi 2027. Ushauri huo bado ni wa kweli kwa mwenye fedha. Kwa bajeti ya dola 500, jozi moja ya DDR5 inaweza kumeza zaidi ya nusu. Ndiyo maana AM4, mfumo wa mwaka 2016 ambao wengi walikwisha kuuzika, umefufuka. Prosesa ya Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, yenye viini sita, inaendesha vizuri karibu kila gemu linalochezwa sana ukanda huu, kuanzia eFootball na EA FC hadi GTA V na Counter-Strike 2. Core i3-12100F ya Intel, yenye viini vinne, si mbaya pia ikiwekwa kwenye mazabodi ya DDR4.

DDR4 yenyewe haijabaki na bei ya zamani, kwani viwanda vimekuwa vikipunguza kuitengeneza. Tofauti yake kubwa ni kwamba ipo ya mitumba, na ipo nyingi. RAM ni miongoni mwa vifaa vichache vya kompyuta ambavyo kununua vilivyotumika hakuna hatari kubwa: haina sehemu inayozunguka, haichakai haraka, na programu ya bure kama MemTest86 ikiachwa iendelee usiku kucha itasema kama kijiti ni kibovu. GB 16 katika vijiti viwili vya GB 8 zinatosha kuanzia. Vijiti viwili ni bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa huvisoma kwa pamoja, na katika baadhi ya magemu tofauti hiyo huonekana kwa macho. Wauzaji wengi huweka kimoja ili kupunguza bei ya tangazo.

Kuna herufi moja inayowaumiza wengi: hiyo F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel. Maana yake ni kwamba prosesa haina grafiki za ndani, na bila kadi kioo hakitaonyesha kitu. Ryzen 5 5600 nayo haina. Anayepanga kununua kwa awamu, jambo la kawaida kwa mtu anayelipwa kwa kazi za hapa na pale, afikirie Ryzen 5 5600G, yenye grafiki za ndani zinazotosha magemu mepesi hadi fedha za kadi zipatikane. Akubali tu kwamba G ina kasi ndogo kidogo kuliko ile isiyo na herufi.

Kadi: mbuzi kwenye gunia

Kabla ya kuchagua kadi ya grafiki, au GPU kama mafundi wanavyoiita, swali la kwanza ni kioo. Vioo vingi vinavyouzwa kwa bei nafuu mijini ni vya ofisi, vya nukta 1920 kwa 1080, vinavyoonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ya kuendesha picha 150 kwa sekunde mbele ya kioo cha 60 ni fedha iliyokaa bure.

Kwa kioo hicho, Radeon RX 6600 ya mwaka 2021, yenye GB 8 za kumbukumbu na inayotumia wati 132 tu, imekuwa chaguo la busara kwa miaka kadhaa. Arc B580 ya Intel, iliyotoka Desemba 2024 kwa bei rasmi ya dola 249, ina GB 12, na kwa karatasi inaishinda. Lakini kadi za Arc zinahitaji mazabodi inayoruhusu kipengele cha Resizable BAR. Bila hicho kasi yake huporomoka. Kwa hiyo kadi hiyo nzuri kwa mwenye mazabodi mpya inaweza kuwa hasara kwa mwenye kompyuta ya 2016, na hakuna bango la dukani linalomwambia hivyo. RTX 5060 ya Nvidia ya mwaka 2025, kwa dola 299, ina GB 8 pekee. Magemu mapya yanaanza kuona GB 8 ni chache, ingawa kwa anayecheza mpira na Counter-Strike hilo litamfikia baadaye sana.

Bei hizo ni za Marekani siku ya uzinduzi, kabla ya usafiri, kodi na faida ya watu wawili au watatu njiani. Hapo ndipo kadi za mitumba zinapoingia, na hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha mfumo uliohitaji kadi za grafiki kuichimba, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni duniani kote. RX 580 ndiyo inayojulikana zaidi miongoni mwake. Kadi ya uchimbaji si lazima iwe mbovu. Feni na mafuta ya kupitisha joto ndivyo huchoka kwanza, na vyote hubadilishika kwa gharama ndogo.

Tatizo kubwa zaidi ni jina. Ipo RX 580 yenye maandishi madogo ya 2048SP, iliyotolewa kwa ajili ya soko la China mwaka 2018, ambayo kwa ndani ni sawa na RX 570. Zipo pia kadi kongwe zilizobadilishwa programu ya ndani ili kompyuta izitambue kama GTX 1050 Ti. Programu ndogo ya GPU-Z hufichua nyingi kati ya hizo kwa dakika moja, na muuzaji anayekataa kadi yake ipimwe hapo hapo kwenye benchi amekwisha kujibu swali.

Kifaa kisichostahili kupunguziwa fedha ni pawa saplai, na ndicho wengi hukipunguzia. Kompyuta yenye Ryzen 5 5600 na RX 6600 haifiki wati 300 ikifanya kazi kwa nguvu zote, kwa hiyo pawa saplai ya kweli ya wati 500 inatosha na inabakisha. Neno lenye uzito hapo ni "ya kweli". Pawa saplai nyepesi kama boksi tupu, yenye maandishi ya wati 700 na isiyo na cheti chochote, haiwezi kutoa hata nusu yake, na katika maeneo ambayo umeme hupanda na kushuka ndiyo ya kwanza kulipuka, wakati mwingine ikiondoka na mazabodi. Stabilaiza au UPS ndogo si anasa kwa Kampala wala Goma. SSD ya GB 500 inatosha kuanzia; kasha lolote lenye feni mbili na hewa ya kutosha linafaa, na taa za rangi zinaweza kusubiri.

Mashine za ofisi za Ulaya

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10. Kompyuta za Intel za kizazi cha 7 na kurudi nyuma, isipokuwa chache sana, hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Ofisi za Ulaya na Marekani zinazifuta kwenye vitabu, na sehemu yake hufika Mombasa na Dar es Salaam, kisha Dell OptiPlex na HP EliteDesk hizo hupangwa rafu kwa rafu na kuitwa "ex-UK". Wengi wanaziona kama kompyuta za shule na makanisa. Kwa bei za sasa za RAM, zinastahili kutazamwa upya, kwa sababu nyingi za kizazi cha 6 hadi cha 8 zina DDR4 ndani.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuingia kwenye gemu la kompyuta katika ukanda huu leo ni OptiPlex ya kizazi cha 8, yenye Core i5-8500 ya viini sita, inayokubali Windows 11, ikiongezewa kadi isiyohitaji waya wake wa umeme. Kadi za namna hiyo ni chache: GTX 1650 ya wati 75, na RTX 3050 ile ya GB 6 yenye wati 70. Anayenunua apime kwanza urefu na upana wa kasha, kwani umbo dogo linahitaji kadi fupi kwa kimo. Asitarajie pia kubadili pawa saplai baadaye: Dell na HP hutumia maumbo na plagi zao wenyewe, na ya dukani haiingii.

Mashine za kizazi cha 6 na 7 ni nafuu zaidi, ila zina mlango unaofungwa. Magemu kadhaa ya mashindano sasa yanadai ulinzi wa Secure Boot na TPM 2.0 ili kuzuia wadanganyifu. Battlefield 6 ya Oktoba 2025 ni mojawapo. Na wauzaji wameanza kuelewa walichonacho: si ajabu kukuta mashine imebakiwa na kijiti kimoja cha GB 4 baada ya RAM yake ya awali kuuzwa peke yake. Kasha lifunguliwe kabla ya fedha kutolewa.

Mzigo huu una upande wa pili. Tangu Januari 1, 2025, chini ya mabadiliko ya Mkataba wa Basel, taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila ridhaa ya nchi inayozipokea. Kompyuta inayofanya kazi si taka, lakini mstari kati ya hizo mbili huchorwa na ofisa wa forodha mbele ya kontena lenye mashine mia kadhaa. Kadiri ukaguzi utakavyokazwa, ndivyo mashine nafuu zitakavyopungua, na ndivyo pia dampo la Dandora na mengineyo yatakavyopokea sumu kidogo. Mamlaka za nchi jirani hazina sababu ya kulitafsiri jambo hili kila moja kivyake, lakini kwa sasa ndivyo ilivyo.

Ushuru sifuri, bei tofauti

Katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta na vipuri vyake vikuu, kadi za grafiki zikiwamo, vinatozwa asilimia sifuri. Mtu anaweza kudhani basi kwamba bei ya kadi moja itakaribiana kutoka Mombasa hadi Bujumbura. Haikaribiani.

Ushuru wa forodha ni sifuri, lakini kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ni ya kila nchi: Kenya asilimia 16, na Uganda, Rwanda na Burundi 18. Rwanda, iliyovisamehe vifaa vya TEHAMA kodi hiyo kwa zaidi ya muongo mmoja, iliirudisha katika mageuzi ya kodi ya 2025, na hivyo Kigali ikapoteza faida iliyokuwa nayo juu ya majirani zake. Kwenye soko dogo, muagizaji anayeleta kadi kumi na yule anayeleta elfu moja hawawezi kuuza kwa bei moja, na kwa vifaa vya gemu miji mingi ina waagizaji wa kadi kumi.

Kinachofuata ni kile ambacho kijana wa Kampala hufanya: anatazama bei ya Nairobi, anakuta kadi aliyoikosa kwao, na anamwomba mtu wa basi amletee. Tuseme kadi ni dola 200 kabla ya kodi. Nairobi atailipia 232, VAT ikiwa ndani. Ikipita Busia au Malaba kwa njia halali, Uganda itadai asilimia 18 yake juu ya thamani hiyo, na kadi itafika Kampala ikiwa imemgharimu takriban dola 274 kabla ya nauli na tozo nyingine. Ingeingizwa Uganda moja kwa moja chini ya Himaya Moja ya Forodha, VAT yake ingekuwa dola 36, na jumla 236. Dola 38 za ziada ni kodi iliyokaa juu ya kodi.

Sheria haikukusudia hivyo. Bidhaa inayouzwa nje ya Kenya hutozwa VAT ya asilimia sifuri, lakini hilo linahitaji muuzaji aliyesajiliwa, nyaraka za kusafirisha nje na subira ambayo duka la mita tatu kwa tatu halina kwa ajili ya kadi moja. Utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo wa mipakani, wenye kikomo cha dola 2,000, hausaidii pia, kwa sababu ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mahindi ya Mbale yanapita; kadi iliyotengenezwa China haipiti, hata kama Jumuiya yote imekubaliana kwamba ushuru wake ni sifuri. Matokeo yake ni kwamba kadi nyingi huvuka ndani ya begi la nguo.

Kadi iliyovuka ndani ya begi haina waranti. Hata yenye risiti halali, duka la Nairobi humtaka mteja airudishe Nairobi. Kwa kifaa cha dola 232 kinachoharibika mwezi wa nane, safari ya kwenda na kurudi na hofu ya kukitangaza tena mpakani hutosha kumfanya mtu akate tamaa. Ndiyo sababu wengine wameona afadhali waagize kupitia ndugu na wafanyabiashara walioko Dubai, ambako VAT ni asilimia 5 na mtaa wa kompyuta wa Bur Dubai una kila kitu, kuliko kununua kwa jirani mwenye mpaka mmoja nao.

Viwanda vipya vya RAM vinavyojengwa Marekani na Korea Kusini havitarajiwi kutoa mzigo mkubwa kabla ya 2027, kwa hiyo bei hazitashuka kesho. Anayeweza kusubiri na kadi asubiri, lakini asisubiri na RAM: jozi ya DDR4 iliyopimwa na kukubali, ikipatikana leo kwa bei inayovumilika, inunuliwe hata kama mazabodi yake itakuja miezi mitatu baadaye. Mawaziri wa fedha wa ukanda huu watasoma bajeti zao Juni, kama kawaida. Orodha ya bidhaa zinazopita kwa utaratibu uliorahisishwa mipakani hupangwa na nchi zenyewe, na hakuna kitu kwenye ushuru wa pamoja kinachozizuia kukubaliana kuhusu bidhaa ambazo tayari zina ushuru sifuri.